Msanii wa jukwaani anayetaka kufundisha: mwongozo kamili wa kusomea uzamili

Nilipoingia kufundisha darasa langu la kwanza la uigizaji nilikuwa nimeshapanda jukwaani kwa miaka mingi, wala sikuwa na wasiwasi. Mwanafunzi mmoja alikwama kwenye mstari wake. Nikasimama, nikausema mimi, kisha nikamwambia, "Hivi." Akauiga. Aliyefuata akamwiga yeye. Kipindi kilipokwisha, darasa zima lilikuwa linausema mstari ule kwa sauti yangu na kwa mkono ulioinuliwa kama nilivyouinua mimi. Ndipo binti mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, pale umefanyaje?" Nikakosa la kusema. Kufanya nilijua, kueleza nilichofanya, sikujua.

Swali lile ndilo lililonirudisha chuoni. Tangu hapo, kila msanii anayeniuliza asomee wapi uzamili ili afundishe, nampa kipimo kimoja: programu hiyo itakupa saa ngapi za kufundisha wanafunzi halisi, huku mtu anayeijua kazi akikutazama, kisha akaketi nawe mkazungumza? Jina la chuo, ukubwa wa ukumbi na taa zake ni mambo mazuri, lakini hayamfanyi mtu kuwa mwalimu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kipimo hicho.

Hatua ya 1: Andika unachokijua kabla hujatafuta chuo

Wengi huanzia kwenye tovuti za vyuo. Anzia kwenye daftari lako. Chagua mazoezi kumi unayoyatumia, na kila moja uliandike kwa sehemu nne: mwanafunzi anafanya nini, wewe unatazama nini anapofanya, ni nini huharibika mara nyingi, na unasema nini kinapoharibika.

Chukua zoezi la pumzi. Agizo la "vuta pumzi ndani kabisa" hutolewa na karibu kila anayeongoza mazoezi, na mara nyingi matokeo yake ni mabega kupanda na shingo kukaza. Mwalimu aliyelifikiria zoezi lake huanzia upande wa pili. Humwambia mwanafunzi atoe hewa polepole kwa sauti ya "sss" mpaka iishe, asiharakishe kuvuta, asubiri mwili uvute wenyewe. Macho ya mwalimu yako kwenye tumbo na mbavu za chini. Akiona taya limekaza, halitaji taya. Humwomba mwanafunzi atembee kidogo huku akiendelea na "sss" ileile. Hayo ndiyo maarifa ya kufundisha, nayo ni tofauti na maarifa ya kupumua vizuri jukwaani.

Sehemu ya tatu na ya nne zitakutesa. Usishangae. Msanii mwenye kipaji mara nyingi hajui ni nini huharibika, kwa sababu kwake hakikuharibika. Mahali utakapokwama kuandika ndipo penye sababu yako ya kwenda kusoma, na utayahitaji maandishi hayo baadaye kwenye maombi.

Kisha jiulize kila zoezi ulilipata wapi, na huyo aliyekupa alilipata wapi. Jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Konstantin Stanislavsky, aliyeanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, hakufundisha jambo lilelile maisha yake yote. Kuna wakati alitilia mkazo kumbukumbu ya hisia, yaani mwigizaji kukumbuka jambo lililompata maishani ili hisia yake irudi jukwaani. Miaka ya mwisho aliegemea zaidi vitendo vya mwili. Mwaka 1934 mwigizaji wa Marekani Stella Adler alifanya naye kazi mjini Paris, akarudi New York kuwaeleza wenzake wa Group Theatre, kundi lao la maigizo, kwamba mzee mwenyewe sasa anasisitiza mazingira ya hadithi na mawazo ya kubuni. Lee Strasberg hakukubali; akaendelea na kumbukumbu ya hisia. Sanford Meisner, wa kundi hilohilo, akajenga njia yake juu ya kusikilizana, waigizaji wawili wakirudiana maneno mpaka mmoja aguswe kweli na mwenzake. Walimu watatu, kundi moja, mzizi mmoja, na madarasa yasiyofanana hata kidogo. Anayefundisha bila kujua ukoo wa mazoezi yake huchanganya maagizo yanayopingana, na mwanafunzi ndiye anayeumia.

Hatua ya 2: Amua utamfundisha nani

Shahada utakayoihitaji inategemea mtu atakayekaa mbele yako.

Ukitaka kufundisha watoto na vijana shuleni, chunguza kwanza masharti ya leseni ya ualimu ya mahali unapotaka kufanya kazi. Zipo programu za uzamili ambazo leseni imo ndani yake, na zipo ambazo haimo, ilhali majina yake yanakaribiana sana. Mtu anaweza kuhitimu vizuri na bado asiruhusiwe kuingia darasa la shule ya umma. Katika eneo hili utakutana na kazi ya Dorothy Heathcote wa Uingereza, ambaye kwake yeye mwalimu haongozi igizo akiwa nje. Huingia ndani kama mmoja wa wahusika na kuwaachia watoto maamuzi. Chuo Kikuu cha New York kimekuwa na programu za uzamili na uzamivu za tamthilia ya kielimu kwa miaka mingi.

Ukitaka chuo kikuu, jua tofauti ya shahada mbili. Nchini Marekani MFA, yaani uzamili wa sanaa unaojengwa juu ya utendaji, huhesabiwa kuwa shahada ya juu kabisa kwa waigizaji, waongozaji na wabunifu wa jukwaa. Kwa kawaida huchukua miaka 2 au 3, na kiwango chake ni krediti 60 au zaidi. Uzamivu hufungua zaidi milango ya historia, nadharia na utafiti. Nchini Uingereza uzamili wa kawaida wa kusoma kutwa huwa mwaka mmoja, na MFA huwa miaka miwili. Royal Central School of Speech and Drama ya London imekuwa na kozi zinazolenga moja kwa moja kufundisha na kunoa waigizaji. Mwaka mmoja ni mfupi sana kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa. Kwa aliyekwisha kufundisha miaka mitano bila mafunzo, unaweza kumtosha kabisa.

Kwa kazi ya jamii, yaani vikundi vya mitaa, magereza, hospitali na kambi, shahada si sharti kila mahali, ila mafunzo ni lazima. Wengi hapa hufuata njia ya Augusto Boal wa Brazili, aliyechota fikra za mwanaelimu Paulo Freire: igizo la tatizo linachezwa, kisha linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kulisimamisha, kuingia mahali pa mhusika anayekandamizwa na kujaribu njia nyingine. Kuongoza mjadala kama huo kunahitaji stadi ambazo darasa la uigizaji halikupi. Tafuta programu inayokutoa nje ya chuo.

Halafu kuna walimu wa sauti na mwili. Mbinu kadhaa zina vyeti vyake vyenyewe nje ya vyuo vikuu. Kufuzu kuwa mwalimu wa Mbinu ya Alexander, inayofundisha kuutumia mwili bila kuukaza, kwa mfano, kwa kawaida huchukua miaka 3 na saa zipatazo 1,600. Kwa hiyo chuo kinapokutangazia kwamba utasoma mbinu fulani, uliza kama utatoka na cheti chake au umeionja tu. Kuonja si kosa. Kosa ni kwenda kuifundisha kwa jina lake.

Hatua ya 3: Isome programu kama unavyosoma tamthilia

Mwigizaji makini hasomi mistari yake peke yake. Husoma kinachosemwa juu yake na kilichoachwa bila kusemwa. Zisome kurasa za chuo hivyohivyo. Orodha ya kozi inaweza kuwa na kozi moja tu ya ufundishaji kati ya kumi na tano, ingawa jina la programu limejaa neno hilo.

Andika barua pepe uulize waziwazi. Nitaanza kufundisha muhula gani? Wanafunzi wangu watakuwa wa shahada ya kwanza, au wenzangu wanaojifanya wanafunzi? Nitakuwa na kozi yangu mwenyewe, au nitamshikia mwalimu daftari la mahudhurio? Nani atakuja kunitazama, na mara ngapi kwa muhula? Silabasi nitaiandika mimi? Jibu la swali la nne ndilo la kulisubiri kwa hamu. Ofisi ikikujibu kwamba wahadhiri wako tayari kukusaidia wakati wowote, elewa kwamba hakuna ratiba. Unataka kusikia idadi.

Zungumza pia na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho bila mhadhiri kuwepo. Waulize walijifunza nini kuhusu kufundisha ambacho hawakukijua walipoingia. Anayejibu kwa mfano wa darasani amefundishwa. Anayejibu kwa kusifu walimu mashuhuri alioonana nao, huenda alikuwa mtazamaji tu.

Programu za wanaofanya kazi, zile za kukutana chuoni wiki chache kwa mwaka na kusoma kwa mbali muda uliobaki, zinafaa sana kwa aliye tayari na darasa lake, maana darasa hilo ndilo linakuwa maabara. Asiye na darasa atasoma nadharia tupu. Hata aliye nalo, hakikisha vipindi vyake vitatazamwa, ana kwa ana au kwa video, na si kuhadithiwa tu kwenye insha.

Kuhusu fedha nitasema machache. Katika vyuo vingi, hasa Marekani, nafasi ya ukufunzi msaidizi hupunguza au kufuta karo na kutoa posho. Kwa mtu wa lengo lako, nafasi hiyo ni fedha na mafunzo kwa pamoja, hivyo usiikubali kabla ya kuuliza kazi yenyewe ni ipi. Zipo nafasi ambazo msaidizi hukata tiketi na kupanga maleba miaka yote miwili. Kazi ya heshima hiyo, lakini sicho kilichokupeleka.

Hatua ya 4: Maombi

Sehemu kubwa ya barua za maombi zinafanana: mwandishi anaipenda sanaa tangu utotoni na anataka kuigawa kwa kizazi kijacho. Msomaji amezisoma hamsini siku hiyo. Mwelezee dakika moja ya darasani. "Nilikuwa na mwanafunzi aliyesema kila mstari akitazama sakafu. Nilimwambia mara tatu ainue macho, ikashindikana. Mara ya nne nikampa mwenzake kikombe akishike mgongoni, nikamwambia huyu ajue kimejaa au kitupu kabla ya kumjibu. Akainua macho." Mistari hiyo minne inaonyesha kwamba unatazama, unakubali kushindwa, na unabadilisha kazi uliyompa mwanafunzi badala ya kupandisha sauti. Hapo ndipo daftari lako la mazoezi kumi linapokulipa.

Wakiomba video ya ufundishaji, kamera iwaelekee wanafunzi. Waombaji wengi hujirekodi wao wakieleza kwa ufasaha. Wasaili wanataka kuona nini kinabadilika kwa mwanafunzi kati ya jaribio la kwanza na la pili. Dakika kumi zisizokatwakatwa ni bora kuliko vipande vilivyopambwa kwa muziki. Omba ridhaa ya kila anayeonekana, na kama ni watoto, ya wazazi wao.

Kwa barua za mapendekezo, usikusanye waongozaji watatu watakaosifu uigizaji wako. Angalau mmoja awe amekuona ukifundisha, hata kama ni msimamizi wa kikundi kidogo asiye na jina.

Usaili ukiwa na kipindi cha mfano cha dakika 20, fundisha jambo moja. Moja tu. Gawa muda hivi: dakika 3 za kuwaingiza, 5 za jaribio la kwanza, 4 za kuongeza au kubadilisha, 5 za jaribio la pili, na zilizobaki za kuwauliza walichogundua. Waombaji hushindwa kwa sababu wanataka kuonyesha yote wanayojua, na kipindi kinakwisha kabla mwanafunzi hajarudia chochote.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani, jifunze kutazama

Muhula wa kwanza utatamani kufundisha. Tazama kwanza. Gawa ukurasa katika safu mbili: kushoto aliyoyasema au kuyafanya mwalimu, kulia yaliyotokea kwa wanafunzi. Usiandike maoni yako. Hesabu dakika mwalimu alizozungumza na dakika wanafunzi walizofanya. Fanya hivyo kwa walimu watatu tofauti, halafu umwombe mwenzako akufanyie wewe. Mimi nilipohesabiwa niligundua nilikuwa nimezungumza zaidi ya nusu ya kipindi, nami nilitoka pale nikiamini kwamba wanafunzi walikuwa wamefanya kazi kutwa nzima.

Viola Spolin, aliyejenga mafunzo ya uigizaji wa papo kwa papo kwa kutumia michezo, alikuwa na desturi ya kusema na wachezaji mchezo ukiendelea, kwa maneno mafupi, bila kuusimamisha: "Itazame! Ina uzito gani?" Jifunze ustadi huo mapema. Kila unaposimamisha zoezi ili ueleze, unawatoa mwilini unawarudisha kichwani. Neno moja lililotupwa kwa wakati wake linawaacha humohumo.

Zamu yako ya kutazamwa ikifika, kutana na mtazamaji siku moja kabla na umpe kazi: "Naomba uangalie ninavyogawa nafasi kati ya wanaozungumza sana na walio kimya." Asiyepewa kazi ataleta maoni ya jumla, na maoni ya jumla hayafundishi mtu. Mkutane tena baada ya kipindi, ndani ya siku mbili, kabla hujajitengenezea hadithi yako kuhusu kilichotokea.

Utahitaji pia njia ya kutoa mrejesho kwa kazi za wanafunzi. Inayotumika sana ni ile ya mnenguaji na mtunzi wa dansi wa Marekani Liz Lerman, yenye hatua nne. Watazamaji hutaja kwanza kilichowagusa au kubaki akilini. Kisha msanii ndiye anayeuliza maswali kuhusu kazi yake. Tatu, watazamaji huuliza maswali yasiyobeba hukumu: wanasema "umechagua mwanga huu ukifikiria nini?", hawasemi "kwa nini giza hivi?" Mwisho hutolewa maoni, na kila anayetaka kuyatoa huomba ruhusa kwanza, naye msanii anaweza kukataa. Mara za kwanza utaona njia hii inachosha. Ivumilie wiki sita. Hatua ya pili ndiyo itakayokushangaza, kwa sababu wanafunzi wanaozoea kuuliza kuhusu kazi yao huacha polepole kusubiri mwalimu awaambie kama ni nzuri.

Hatua ya 6: Silabasi, alama, na usalama wa mwili

Silabasi iandike kuanzia mwisho. Wiki ya mwisho mwanafunzi ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi? Andika mambo matatu yanayoonekana kwa macho. "Ataelewa mhusika" halionekani. "Ataweza kutaja mhusika anataka nini kwa nani, na kujaribu njia tatu tofauti za kukipata" linaonekana. Halafu rudi nyuma wiki kwa wiki.

Alama ndizo zinazowanyima usingizi walimu wapya wa sanaa, na ni haki. Utampaje mtu alama kwa uigizaji? Usipime kipaji. Pima maandalizi, pima kama ameujua mstari kwa siku iliyosemwa, na juu ya yote pima badiliko: alipopewa pendekezo, jaribio lililofuata lilitofautianaje na lililotangulia? Vigezo hivyo wape wiki ya kwanza, kwa maandishi. Mwanafunzi mwenye kipaji asiyejibadilisha atapata alama za chini kuliko anavyotarajia, na mtakuwa na mazungumzo magumu. Yafanye.

Usalama nauweka pamoja na silabasi makusudi, kwa kuwa ni sehemu ya mpango wa somo. Vizazi vya wasanii vilifundishwa kwa kuvunjwa moyo, kuguswa bila kuombwa na kulazimishwa kufukua machungu yao mbele ya wenzao, na tuliambiwa huo ndio ukomavu. Ninalipinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote. Mwalimu ana alama mkononi, hivyo "ndiyo" ya mwanafunzi haiko huru kama unavyodhani. Uliza kabla ya kugusa, kila mara, na kila zoezi la kugusana liwe na toleo lisilo na mguso lenye alama zilezile. Igizo la ugomvi au mapenzi lipangwe hatua kwa hatua kama ngoma, liandikwe, lirudiwe vilevile. Usimwombe mwanafunzi kumbukumbu ya msiba wake ili alie. Mpe mazingira ya mhusika na kitendo cha kufanya. Na kila kipindi kizito kiwe na mwisho wake: dakika tano za kutembea, kujinyoosha, kutaja jina lako na kitu kimoja kilichomo chumbani. Chuo ambacho hakina sera ya maandishi juu ya haya kinakueleza jambo kuhusu kitakavyokulea.

Hatua ya 7: Tasnifu na kazi ya kwanza

Programu nyingi za utendaji hukubali tasnifu inayozaliwa na kazi: unaunda kozi au onyesho, unalifundisha, unaandika uliyoyagundua. Chagua swali dogo. "Nafasi ya tamthilia katika elimu" litakumeza. "Waigizaji wanaoanza wanabadilika vipi wakifanya mazoezi ya wiki nne bila kioo?" linakwisha. Weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza, maana darasa halirudiwi.

Kwa maombi ya kazi, utahitaji silabasi mbili ulizozifundisha kweli, tathmini za wanafunzi, barua ya aliyekutazama, na ukurasa mmoja wa msimamo wako wa ufundishaji. Huo wa mwisho uandike upya. Usirudishe ule wa maombi ya chuo. Endelea pia kuigiza au kuongoza, hata onyesho moja kwa mwaka, kwa sababu vyuo huliuliza, na kwa sababu mwili wa mwalimu asiyefanya mazoezi husahau jinsi kuanza kulivyo kugumu.

Usaili wa kazi nao huwa na kipindi cha mfano, mara nyingi kwa wanafunzi usiowajua, katika chumba usichokizoea. Fika mapema usukume viti mwenyewe, ujue sauti inavyorudi ukutani. Jifunze majina kadiri uwezavyo. Na mwanafunzi akikuuliza "umefanyaje hapo?", usimwonyeshe tena. Mwambie alichokiona, mpe kitu cha kufanya, kisha rudi nyuma hatua mbili umpe nafasi ajaribu.